Kabla Sindano ya Fila Haijaingia Usoni

Leo tunazungumzia sindano za kujaza uso, maarufu kama fila: zile zinazonenepesha midomo, kuinua mashavu yaliyobonyea na kupunguza mikunjo inayoshuka kutoka puani hadi pembeni mwa mdomo.

Tusizichanganye na Botox. Botox hulegeza misuli. Fila hujaza nafasi. Nyingi ya zinazotumika sasa ni jeli ya asidi ya hayaluroniki, ambayo hata mwili huitengeneza wenyewe. Karl Meyer na John Palmer waliigundua mwaka 1934 ndani ya jicho la ng'ombe. Usoni jeli hiyo huisha polepole, mara nyingi kati ya miezi 6 na 18.

Kuvimba kidogo kwa siku chache ni kawaida. Hatari kubwa iko kwenye mishipa ya damu. Jeli ikiingia ndani ya ateri, damu haipiti. Ngozi hupauka, kisha huingia madoa ya zambarau mithili ya wavu, na maumivu huzidi badala ya kupoa. Ngozi hiyo inakufa. Puani na katikati ya nyusi ndiko kubaya zaidi, kwani mishipa ya hapo imeungana na ya jicho. Jeli ikisukumwa kwa nguvu ikafika huko, mtu anaweza kupofuka palepale.

Kipo kimeng'enya kinachoyeyusha jeli hii, kiitwacho hayaluronidezi. Kinafaa kikichomwa mapema, ingawa jicho likishaathirika, kuliokoa ni kwa bahati. Silikoni ya maji, ambayo wengine bado wanachomwa kwa siri, haiyeyuki kwa chochote. Uvimbe wake unaweza kujitokeza miaka mingi baadaye, na kuutoa huhitaji upasuaji. Nazo zile kalamu za mtandaoni zinazosukuma jeli bila sindano, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilionya mwaka 2021 zisitumiwe kabisa.

Basi dada yangu, kaka yangu, kabla hujalala kitandani muulize atakayekuchoma: wewe ni daktari? Nionyeshe pakiti ya fila, imeandikwaje? Hayaluronidezi unayo hapa hapa? Akibabaika, chukua mkoba wako uondoke. Hakuna mdomo wenye thamani ya jicho.

Na kama umeshachomwa, ukaona ngozi inapauka, maumivu yanapanda au macho yanaingia kiza, usisubiri kukuche. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, na uwaambie wazi ulichochomwa.