Mchezo wa Watoto Wataka Masikio ya Wazee



Nimepewa nafasi niseme machache juu ya michezo ya kuigiza ambayo watoto watatuonyesha jioni ya leo. Najua wako wasemao moyoni, "Huo ni upuuzi wa watoto, na wacheze, sisi tukae nje tuzungumze mambo ya maana." Nami zamani nalisema vivyo hivyo.

Lakini kumbukeni hadithi za bibi zetu penye moto. Bibi husema, "Paukwa!" Asipojibiwa, "Pakawa!" hadithi haianzi. Mchezo nao hautimii pasipo wa kuusikia.

Nitawapa habari ya aibu yangu mwenyewe. Mwaka mmoja watoto wa darasa langu walitunga mchezo, wakauonyesha chini ya mwembe mbele ya wazazi. Mvulana mmoja akajifanya mwalimu: akakohoa kama mimi, akashika fimbo, na kila aliyeulizwa swali akachapwa kabla hajafungua kinywa. Watu wakacheka hata machozi yakawatoka. Mimi sikucheka. Nikainuka niwakomeshe, mama mmoja mzee akanishika kanzu, akasema, "Mwalimu, keti. Mwache mtoto amalize." Nikaketi. Usiku ule sikupata usingizi, maana yule mtoto hakusema uongo. Kesho yake naliingia darasani bila fimbo, nikauliza swali, nikangoja jibu.

Wenye elimu kubwa nao waliiona njia hii. Mwaka 1996, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mabibi wawili walimu wa sanaa za maonyesho, Penina Mlama na Amandina Lihamba, walianzisha kazi iitwayo Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana huchunguza wenyewe mambo yanayowazuia kusoma, huyatungia mchezo wenye nyimbo na ngoma, kisha huuonyesha mbele ya wenzao, walimu na wazazi. Mchezo ukiisha, watu hukaa wakashauriana la kufanya. Baadaye kazi hiyo ilienea katika nchi nyingine za Afrika. Angalieni jambo hili: neno ambalo binti huona haya kumwambia baba yake uso kwa uso, aweza kulisema akiwa amejivika jina la mtu mwingine.

Basi nawasihi. Baba asimtume mama peke yake. Njoni nyote, ketini mkekani pamoja na watoto wenu. Yakiwafurahisha, chekeni, yakiwachoma, msiinuke. Wala mtoto asipigwe nyumbani kwa neno alilolisema mchezoni. Kwa maana mkimpiga, mwaka ujao atacheza yale tu mpendayo kusikia. Nanyi mtapiga makofi, wala hamtajua lililo moyoni mwake.