Njia Iliyo Chini ya Gome

Leo twataka kuzungumza nanyi kidogo juu ya miti ya matunda, nasi tutaanza na habari ya mchungwa mmoja.

Mchungwa huo ulikuwa wa mzee jirani yetu. Ulikuwa mti mkubwa, na fedha za machungwa yake ndizo zilizolipa ada ya shule ya mjukuu wake. Basi mzee yule alikuwa na desturi ya kumfunga mbuzi wake katika shina la mti ule, kwa sababu ya kivuli. Siku baada ya siku kamba ilisugua gome, na mbuzi naye akalitafuna lililobaki, hata shina likawa na pete nyeupe iliyozunguka pande zote, upana wake kama vidole vinne. Tulipomwonya alicheka. Majani yalikuwa mabichi, na msimu ule mti ulizaa kuliko miaka yote. Akatuambia, "Mwaona, wanangu? Mti huu hauna habari na mbuzi."

Mwaka wa pili majani yaligeuka manjano. Matawi yakaanza kukauka kutoka nchani, na kabla ya masika kwisha mti ukafa. Watu walisema mengi. Wengine walisema ni kijicho cha majirani, na wengine walisema udongo umechoka. Lakini haikuwa kijicho, wala haikuwa udongo. Mti ule ulikufa kwa njaa, na sehemu iliyoshikwa na njaa ni ile isiyoonekana kwa macho, yaani mizizi.

Labda mtauliza, Yawezekanaje mizizi kufa njaa, nayo ndiyo iliyomo katika udongo wenye rutuba? Jibu lake lilianza kutafutwa zamani. Huko Italia, katika karne ya 17, aliishi tabibu mmoja aitwaye Marcello Malpighi. Alitwaa miti hai akaondoa gome lake kwa mfano wa pete, kisha akangoja. Akaona ya kuwa gome lililo juu ya pete lilivimba, bali lililo chini halikuvimba. Akatambua kwamba kuna kitu kinachoshuka kutoka juu kwa njia ya gome, na kilipokuta njia imekatwa kilirundikana pale. Mambo hayo aliyaandika katika kitabu chake juu ya maumbile ya mimea, kilichotolewa kati ya mwaka 1675 na 1679. Baadaye, mwaka 1727, mchungaji mmoja wa Uingereza, Stephen Hales, alitoa kitabu chake, akaeleza jinsi alivyopima kwa mizani maji yanayonywewa na mmea na kutoka tena kwa njia ya majani.

Tangu siku hizo elimu imezidi, na leo twaweza kulieleza jambo hili kwa mfano wa nyumba. Mizizi ni wachotaji wa maji. Huchota maji udongoni pamoja na chumvichumvi zake, na maji hayo hupanda juu kwa njia ya mti wenyewe wa ndani, chini ya gome. Majani ndiyo jiko. Huko, kwa nguvu za jua, maji huchanganywa na ile hewa tunayoitoa tunapopumua, na chakula hupikwa, nacho ni sukari. Kisha chakula hicho hushuka kwa njia nyingine, iliyomo katika gome lenyewe upande wake wa ndani, kwenda kulisha shina na mizizi. Basi mkiikata njia ya gome pande zote, mpishi ataendelea kupika, lakini mchotaji hatapata kitu. Ataishi kwa akiba ya wanga aliyojiwekea, labda miezi, labda zaidi ya mwaka. Akiba ikiisha atakufa, naye akifa maji hayapandi tena, na jiko nalo huzimika.

Sasa mwaona kwa nini mchungwa wa mzee ulizaa sana kabla ya kufa. Chakula kilichozuiwa kushuka kilibaki juu, kikaenda katika maua na matunda. Pengine mmepata kumwona mtu akiukatakata kwa panga mwembe usiozaa, akisema kwamba anautisha. Nasi hatuwacheki watu hao, maana aghalabu mwembe huo huzaa kweli. Lakini hauzai kwa hofu. Huzaa kwa sababu majeraha yamezuia sehemu ya chakula kisiifikie mizizi. Mwenye mti amekopa kutoka katika mizizi yake, na deni hilo mti hulilipa miaka ifuatayo. Tena kila jeraha ni mlango wa maradhi na wadudu.

Njia hiyo ya gome haiharibiwi na panga na kamba tu. Sisi wenyewe tuliwahi kukosa. Tulipanda miche kumi na miwili ya michungwa, tukaona ni vema kuipandishia udongo na samadi hata kulifunika shina, kama mtu apaliliavyo viazi. Tulidhani twaipenda. Mvua ilipokuja, udongo ule ulilowana majuma mengi, na gome likaoza pale lilipofunikwa. Utomvu ulitoka kama machozi ya gundi, na miche mitano ikafa. Ugonjwa huo huletwa na kijimea kidogo mno mfano wa ukungu, ambacho mbegu zake huogelea katika maji ya udongo. Kikipata gome bichi lililofunikwa na tope, hulila mpaka kikalizunguka shina, na hapo mambo huwa yale yale ya kamba ya mbuzi.

Ugonjwa huo si mgeni duniani. Visiwa vya Azores, vilivyo katika bahari ya Atlantiki magharibi ya Ureno, vilikuwa vikipeleka machungwa mengi Uingereza. Katika miaka ya 1830 na 1840 ugonjwa wa utomvu uliingia katika mashamba yao na kuharibu michungwa mingi. Wakulima wa nchi za bahari ya Mediterania walipopatwa na msiba ule ule, waligundua kwamba mdanzi hauozi upesi shinani kama mchungwa mtamu. Basi wakatumia hila nzuri: walipanda mbegu za danzi, na mche ulipokua waliunga juu yake jicho la mchungwa mtamu. Mti ukawa na miguu ya mdanzi na kichwa cha mchungwa. Desturi hiyo ikaenea katika nchi nyingi.

Lakini mwanadamu akiziba tundu moja, jingine hufunguka. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakulima wa Afrika Kusini waliona kwamba michungwa iliyoungwa juu ya mdanzi haistawi kwao. Kisha, tangu miaka ya 1930, msiba mkubwa ulizipata Argentina na Brazili. Michungwa iliyoungwa juu ya mdanzi ilinyauka kwa mamilioni. Wabrazili wakauita ugonjwa huo kwa neno la lugha yao lenye maana ya huzuni, na hakika ulileta huzuni, maana watu waliokuwa na mashamba walibaki na kuni. Mwaka 1946 mtaalamu wa Brazili aitwaye Meneghini alionyesha ya kuwa ugonjwa huo huchukuliwa na vidukari, wale wadudu wadogo wakaao juu ya machipukizi na kunyonya utomvu wake. Na wataalamu walipopasua gome pale penye kiungo, chini kidogo ya jicho lililoungwa, waliona nini? Waliona njia ya chakula imekufa. Majani yalikuwa yakipika, na mizizi ya mdanzi ilikuwa ikifa njaa.

Tazameni basi: mbuzi mmoja kijijini kwetu na msiba wa nchi nzima ng'ambo ya bahari viliua miti kwa njia moja.

Ugonjwa huo wa huzuni na vidukari wake wamo katika nchi zetu pia. Ndiyo sababu michungwa yetu mingi huungwa juu ya mlimau wenye ganda la kukwaruza, ambao huvumilia ugonjwa huo. Lakini mlimau nao una udhaifu wake: haupendi maji yaliyotuama, na shina lake huoza upesi likifunikwa na tope. Kwa hiyo anayenunua mche asitazame majani tu. Aulize umeungwa juu ya mti gani, kisha aukumbuke udongo wa shamba lake.

Sasa, kabla hatujaagana, twataka mshike mambo matano.

Kwanza, mnapopanda mche, usiingie chini kuliko ulivyokuwa kitaluni. Kiungo chake na kiwe juu ya ardhi, shibiri moja hivi, wala kisifunikwe kamwe kwa udongo.

Pili, samadi na majani makavu ni chakula na blanketi ya udongo, lakini yawekwe mbali na shina, yakizunguka chini ya kivuli cha matawi. Mizizi inayonyonya imo huko, tena mingi i karibu na uso wa ardhi. Basi msilime kwa nguvu chini ya mti, msije mkaikata.

Tatu, mizizi hupumua kama sisi. Mahali maji yanapotuama hewa hukosekana, na mizizi hufa hata kama shamba lina rutuba. Chimbeni mifereji, au pandeni juu ya matuta mapana.

Nne, mbuzi na ng'ombe wafungwe penginepo, na kila waya au kamba iliyofungwa shinani iondolewe kabla haijauma gome.

Tano, mti usiozaa usipigwe panga. Chunguzeni kwanza kama una kivuli cha miti mingine, kama una kiu, kama una njaa, au kama ulizaa mno mwaka uliopita. Embe na chenza aghalabu huzaa sana mwaka mmoja na kupumzika mwaka wa pili, kwa maana akiba imekwisha. Ukipunguza machenza mabichi katika mwaka wa neema, utapata kitu katika mwaka wa pili.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Yule mzee jirani yetu aliyasikia haya baadaye, akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akatwaa jembe akachimba shimo jipya, si pale ulipokufa mti wa kwanza, bali upande wa juu ambako maji hayatuami. Akapanda mche, akauzungushia miiba. Mbuzi sasa anafungwa katika kigingi nyuma ya nyumba. Mche huo haujazaa bado, na mjukuu yungali shuleni, ada yake ikitafutwa kwa taabu. Lakini kila asubuhi mzee huinama akatazama shina kabla ya kutazama majani, nasi twawaomba ninyi nyote mfanye vivyo hivyo kesho mtakapokwenda shamba.

Haya, kwaherini. Tutaonana tena siku nyingine, Mungu akipenda.