Kisukari Kipo Hata Vijijini

Leo tuzungumze habari ya kisukari. Hapa Chalinze wengi husema huo ni ugonjwa wa matajiri wa Dar es Salaam. Sivyo. Wataalamu walipopima vijiji vyetu vya Tanzania, wakatoa majibu mwaka 1989, wagonjwa hawakufika hata mtu 1 katika kila watu wazima 100. Mwaka 2012 nchi ilipimwa, mijini na vijijini pamoja. Wakaonekana 9 katika kila 100!

Ugonjwa wenyewe uko hivi. Chakula tunachokula hugeuka sukari ndani ya damu. Kongosho hutoa insulini, nayo huitoa sukari kwenye damu ikatumike mwilini. Insulini ikikosekana, au ikishindwa kazi, sukari hujaa kwenye damu, nyingine hutoka na mkojo. Ndiyo maana pengine sisimizi hukusanyika alipokojoa mgonjwa.

Mgonjwa hushikwa na kiu isiyokwisha. Usiku anaamka kukojoa mara tatu, mara nne. Anakula, lakini anakonda. Macho yanaona ukungu, miguu inakufa ganzi, kidonda hakiponi. Hapo majirani husema, "Huyu kakanyaga kitu cha watu." Anazungushwa kwa waganga, mwezi unapita, mguu unaoza. Jamani, miguu haioti tena! Nendeni kituo cha afya, Chalinze au Lugoba, mkapime damu. Kuna wagonjwa wasio na dalili yoyote, kwa hiyo mnene, au mwenye mzazi mgonjwa, naye akapime.

Mwenye kisukari halimi? Analima sana, na jasho la jembe humsaidia. Ugali ale, ila kidogo, mboga na maharage ziwe nyingi. Chai bila sukari. Nanasi la Kiwangwa kipande kimoja kinatosha. Asitembee pekupeku, na kila jioni atazame nyayo zake. Dawa asiache kwa sababu amepata nafuu.

Anayechoma insulini, na nyumbani hana umeme, aifunge vizuri kwenye mfuko, aiweke ndani ya chungu kidogo chenye mfuniko. Chungu hicho akikalishe kwenye mchanga mbichi ndani ya chungu kikubwa, kivulini. Mchanga ukikauka, aumwagie maji.

Na nyumba nzima ijue hili: amechoma dawa, hajala, mara anatetemeka, anatoka jasho, anasema ovyo. Hajalewa huyo, sukari imeshuka. Mpeni haraka maji yenye sukari, kisha ale. Akizimia msimtie kitu mdomoni. Mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali ya Msoga.