Betri ya Pili Katika Gari la Kliniki ya Vijijini

(Mazungumzo na madereva na wahudumu wa afya wa sharika, Muleba)



Tunaanza na usiku mmoja katika kijiji kando ya Kamachumu, msimu wa senene. Tulikuwa tumeonyesha filamu ya somo la malaria kwa umeme wa gari, injini imezimwa ili tubane mafuta. (Taa zetu ziliwavuta senene, na nusu ya wasikilizaji wakaondoka kuwakamata. Hilo tuliache.) Saa tano usiku tukaletewa mama mwenye uchungu, apelekwe Hospitali ya Ndolage. Dereva akazungusha ufunguo, stata ikalia "tik" basi. Vijana walilisukuma gari kwenye mteremko, likawaka. Ingekuwa tambarare, hatujui tungemwambia nini mume wake.

Ndiyo sababu ya betri ya pili. Betri ya kawaida ya gari ina sahani nyembamba: hutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache, kisha alteneta huirudishia. Ukiiishiliza kwa taa na projekta mara kwa mara, umeiua. Ile tunayoiita betri ya sola ina sahani nene, nayo huvumilia kutumika polepole kwa saa nyingi.

Kosa tunalolikuta ni kuziunganisha mbili moja kwa moja na kuziacha hivyo. Zinachaji pamoja, kweli, lakini zinaisha pamoja pia, na usiku ule wa Kamachumu unarudi. Katikati lazima iwepo rilei inayounganisha injini ikiwa inanguruma na kutenganisha ikizimwa. Waya uwe mnene. Mwembamba hupoteza volti njiani na kupata moto. Fyuzi ziwe mbili, moja karibu na kila betri, kwa kuwa waya huo una umeme kutoka pande zote mbili. Na betri isikae kwenye chumba cha abiria: ikichaji hutoa hewa inayoweza kulipuka. Ifungwe imara, barabara zetu mnazijua.

Sasa hesabu. Betri ya ampea-saa 100 tusiitumie zaidi ya nusu. Vyombo vikivuta ampea 8, hiyo ni saa sita hivi. Kuirudishia ndipo wengi tunapojidanganya. Safari ya Muleba hadi Bukoba haitoshi kuijaza. Alteneta hutoa volti 14 na kidogo. Mwanzoni betri hupokea haraka, lakini sehemu ya mwisho huingia kwa saa kadhaa. Gari la kwenda sokoni na kurudi halijazi kitu. Betri inayobaki nusu wiki baada ya wiki huota ukoko mweupe kwenye sahani na kufa mapema. Sisi tumeweka paneli ndogo ya sola juu ya paa, imalizie gari likiwa limeegeshwa.

Ipimeni asubuhi, kabla ya kuwasha chochote: volti 12.7 imejaa, 12.2 imebaki kama nusu. Maji yakipungua, ongeza maji ya betri ya dukani, siyo ya ziwani, wala usiongeze asidi.

Mmetuuliza kuhusu chanjo. Kwa maoni yetu zibaki kwenye kisanduku chenye barafu. Betri hii ni ya taa na projekta.

Boneti iko wazi hapo nje. Anayetaka kushika spana aje mbele.