Vitabu Teule na Vitabu vya Kupendekezwa: Njia Tano za Msomaji wa Kiswahili Katika Riwaya na Filamu



1.0 Utangulizi

Shule za Afrika Mashariki zina jina maalumu la vitabu vya fasihi vinavyosomwa kwa ajili ya mtihani: huitwa vitabu teule. Jina hilo limetokana na kitenzi teua, na mwenye kuteua ni mwenye mamlaka. Rais huteua waziri. Wizara huteua kitabu. Mwanafunzi anayeletewa kitabu hicho haulizwi. Kipo kitenzi kingine ambacho darasa hukitumia kwa nadra, nacho ni pendekeza. Ndani yake mna penda: kupendekeza ni kukifanya kitu kipendeze mbele ya mwingine. Anayependekeza hana amri. Ana sababu tu, na mwenzake yuko huru kuikataa.

Mhadhara huu unahusu umbali uliopo kati ya vitenzi hivyo viwili. Hoja yake ni kwamba fasihi ya Kiswahili haikosi vitabu, wala haikosi watu wanaojua kusoma. Kilichopungua ni mapendekezo yanayomtoa msomaji katika kitabu kimoja na kumfikisha katika kingine. Mwanafunzi aliyesoma Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo nchini Tanzania, au Siku Njema ya Ken Walibora nchini Kenya, anaweza kuorodhesha dhamira, wahusika na tamathali za usemi bila kusita. Akiulizwa ni kitabu gani kifuate, hana jibu, kwa kuwa mtihani haukumfundisha kwamba kitabu hufuatwa na kitabu.

Zinafuata njia tano. Kila njia inaanza na kazi iliyoandikwa au kufasiriwa kwa Kiswahili, au inaishia kwayo, kisha inaiunganisha na kitabu au filamu ya mahali pengine. Mapendekezo yote yanafuata masharti matatu: litolewe sababu, itolewe tahadhari, na atajwe mwenzi. Orodha isiyo na sababu ni muhtasari wa masomo uliobadilishwa jina.

2.0 Mzimu unaosingiziwa na mzimu unaoongea

Njia ya kwanza inaanzia Unguja. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957/58, ikachapishwa mwaka 1960. Ndiyo riwaya iliyomleta Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, ambaye wahakiki wamemlinganisha mara nyingi na Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle. Ulinganisho huo ni wa haki, lakini sababu ya kuipendekeza riwaya hii ni kubwa kuliko hiyo. Kifo kinahusishwa na mahali panapoogopwa, na watu wako tayari kuubebesha mzimu lawama. Bwana Msa hakubali. Hutazama, huuliza, husikiliza namna maneno yanavyotamkwa, mpaka jambo lililodaiwa kuwa la wafu likarudi mikononi mwa walio hai. Tahadhari ni kwamba lugha yake ni ya Unguja ya zama zile na mazungumzo ni marefu. Asiyeizoea aisome kwa sauti, maana sehemu kubwa ya ucheshi wake hukaa katika lafudhi.

Mwenzi wa riwaya hii ni filamu ya Kijapani, Rashomon, iliyoongozwa na Akira Kurosawa mwaka 1950 kutokana na hadithi fupi za Ryūnosuke Akutagawa. Samurai ameuawa msituni. Jambazi anasimulia tukio, mke wa marehemu anasimulia, mkata kuni anasimulia, na marehemu mwenyewe anasimulia kwa kinywa cha mwaguzi aliyepandwa na roho yake. Masimulizi hayo manne hayapatani. Hapa ndipo faida ya kuziweka kazi hizi mbili bega kwa bega inapoonekana. Katika Unguja ya Bwana Msa, mzimu ukiondolewa, ukweli hubaki. Katika Rashomon, mzimu unapewa nafasi ya kutoa ushahidi, nao pia unajipendelea kama walio hai. Msomaji anayetoka kwa Abdulla akaingia kwa Kurosawa hujikuta akirudi na swali jipya: Bwana Msa alijuaje kwamba hadithi yake ndiyo ya mwisho?

3.0 Ukwe

Njia ya pili ni ya polepole. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896, alikamilisha mwaka 1945 riwaya ndefu kwa Kikerewe, lugha ya kisiwa kimoja katika Ziwa Viktoria. Haikupata mchapishaji katika lugha hiyo. Kitereza akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaichapisha mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwandishi alifariki mwaka uliofuata. Mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kuijua historia hiyo, kwa kuwa inaonyesha Kiswahili kikiwa kimbilio la kazi ambayo lugha yake ya kwanza ilinyimwa matbaa.

Kisa ni chepesi kusimulia. Mume na mke wanapendana lakini hawajapata mtoto. Maneno ya ndugu wa mume yanawafikia wakwe, nao wanamchukua binti yao. Mume anakwenda kumwomba, na anatozwa pombe ya ndizi kabla ya kurudishiwa mkewe. Namna pombe hiyo inavyotengenezwa, nani anakaribishwa, nani anaketi wapi, mgeni anasalimiwaje, yote yamo, hatua kwa hatua. Tahadhari ni hiyohiyo: anayetafuta mchomo wa matukio atakifunga kitabu mapema. Sababu ya kukisoma iko katika subira yake. Kitereza anauonyesha upendo kwa njia ya taratibu, si kwa njia ya matamko.

Mwenzi wake ni filamu ya Yasujirō Ozu ya mwaka 1953, inayojulikana ulimwenguni kwa jina la Tokyo Story. Wazee wawili wanasafiri kutoka mji mdogo wa Onomichi kwenda Tokyo kuwaona watoto wao. Watoto wana kazi, wana haraka, wala si wabaya. Anayewapa wazee muda ni Noriko, mjane wa mtoto wao aliyekufa vitani, ambaye kwa sheria ya damu si wao. Ozu huiweka kamera chini, karibu na kimo cha mtu aliyeketi mkekani, kiasi kwamba mtazamaji anakuwa kama mgeni aliyekaribishwa ndani. Kati ya Ukerewe na Onomichi hakuna njia ya biashara wala ya historia. Kinachoziunganisha kazi hizi ni swali moja ambalo kila mwenye wakwe analielewa: undugu wa ndoa unadaiwa nini, na ni nani huulipa bila kudaiwa?

4.0 Hawala

Njia ya tatu inaeleza kwa nini orodha ya msomaji haiwezi kuiacha filamu nje. Ousmane Sembène wa Senegali alikuwa kuli katika bandari ya Marseille kabla ya kuwa mwandishi. Aliandika kwa Kifaransa, kisha akatambua kwamba sehemu kubwa ya wananchi wake hawakuweza kukisoma alichokiandika juu yao. Akajifunza sinema. Mwaka 1968 aliigeuza hadithi yake mwenyewe kuwa filamu ya Mandabi, ambayo wahusika wake wanasema Kiwolofu. Ibrahima Dieng anapokea hawala kutoka kwa mpwa wake aliyeko Paris. Hawezi kuichukua fedha bila kitambulisho. Hawezi kupata kitambulisho bila cheti cha kuzaliwa. Na kila ofisi ina foleni, ada na mtu wa katikati. Wakati huohuo habari imeenea mtaani, na wakopaji wamejaa mlangoni. Mwishowe fedha inaishia mikononi mwa mjanja aliyejifanya msaidizi.

Kazi hii ina mwenzi ndani ya Kiswahili: tamthilia ya Amandina Lihamba, Hawala ya Fedha, ya mwaka 1980, iliyotungwa kutokana na kisa hicho. Kwa hiyo kisa kimoja kimepita katika riwaya fupi ya Kifaransa, filamu ya Kiwolofu na tamthilia ya Kiswahili, na kila mara lugha ilipobadilika, hadhira nayo ilibadilika. Mwanafunzi anayetaka kujua tofauti kati ya tafsiri na utohozi atapata hapa mfano bora kuliko fasili nyingi za vitabuni. Tahadhari: Sembène huchekesha, lakini kicheko chake huacha uchungu. Filamu haimpi Dieng ushindi.

5.0 Riwaya moja, macho mawili

Kutoka kwa kuli wa Marseille ni hatua fupi kufika kwa makuli wa Unguja. Kuli ya Adam Shafi, ya mwaka 1979, inahusu mgomo wa makuli wa mwaka 1948. Inapendekezwa isomwe kabla ya Vuta N'kuvute ya mwaka 1999, ili msomaji ajue kwamba siasa za riwaya hii ya pili zina mizizi gatini na si katika mikutano ya hadhara pekee.

Vuta N'kuvute inaanza na Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mfanyabiashara mzee, anayeikimbia ndoa hiyo na kukataliwa na jamaa zake. Anapokutana na Denge, mpigania uhuru anayewindwa na polisi wa kikoloni, mapenzi na siasa vinakuwa kamba moja inayovutwa pande mbili. Amil Shivji aliigeuza riwaya hii kuwa filamu, iliyoonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Ni nadra kwa riwaya ya Kiswahili kupata filamu ndefu, na hilo pekee lingetosha kuipendekeza. Lakini sababu halisi ni kwamba ulinganishaji wake hufundisha. Riwaya ina nafasi ya kumfuata Yasmin kutoka mlango mmoja hadi mwingine na kuonyesha kila mlango umefungwa na nani. Filamu haina muda huo. Inategemea uso, kivuli, uchochoro na muziki. Swali la kuuliza si ipi bora. Swali ni hili: mwongozaji alipolazimika kupunguza, alikiona kipi kuwa ndicho kiini, na je, msomaji angechagua hichohicho?

6.0 Safari ya kwenda na kurudi

Njia ya tano inahusu kurejea. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, aliandika Paradise kwa Kiingereza mwaka 1994. Mwaka 2022 ilitoka tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis, Peponi. Yusuf, mtoto aliyetolewa kuwa rehani ya deni la baba yake, anafuatana na msafara wa biashara kuelekea bara. Tahadhari kwa msomaji ni kwamba asiisome kama kazi ya kigeni iliyovishwa kanzu. Mazungumzo mengi ya riwaya hiyo, kwa mujibu wa ulimwengu wake, yalikuwa ya Kiswahili kabla hayajaandikwa kwa Kiingereza. Tafsiri hapa inakaribia kuwa marejesho.

Wenzi wake ni maandishi ya Kiswahili ya zaidi ya miaka 100 iliyopita: maisha ya Tippu Tip kama alivyoyaeleza mwenyewe, na Safari za Wasuaheli, mkusanyiko uliochapishwa na Carl Velten mwaka 1901. Katika mkusanyiko huo yamo masimulizi ya Selim bin Abakari kuhusu safari yake ya Urusi na Siberia. Mswahili anawatazama watu wa theluji na kuwaeleza wenzake wa pwani desturi zao. Anayedhani kwamba fasihi ya Kiswahili haikuwahi kuitazama dunia pana aanzie hapo.

7.0 Hitimisho

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Itasemwa kwamba filamu za Kijapani na Kiwolofu haziko kwa Kiswahili, na kwamba kuzipendekeza ni kumpendekezea mtu nyumba isiyo na ngazi. Pingamizi hilo lina ukweli, lakini vibanda vya video vimeshalijibu kwa vitendo. Jijini Dar es Salaam, Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, akifasiri, akifafanua na kutia chumvi pale alipoona inafaa. Nchini Kenya DJ Afro alijipatia umaarufu kwa kazi ya namna hiyo. Hawakungoja kuteuliwa. Waliona hadhira ina kiu, wakaifungulia bomba. Usahihi wa tafsiri zao unaweza kujadiliwa. Utambuzi wao wa hitaji haujadiliki.

Idara za Kiswahili zina watu wenye uwezo wa kuifanya kazi hiyo kwa uangalifu zaidi. Maandishi ya Kiswahili ya kupita chini ya picha za Mandabi, yakitengenezwa kwa idhini ya wenye haki, ni mradi unaolingana na tasnifu ya shahada ya kwanza kwa uzito, na utakuwa na wasomaji wengi kuliko tasnifu. Lakini lipo jambo jepesi zaidi, lisilohitaji idhini wala fedha. Kila mwanafunzi anayemaliza mwaka aandike ukurasa mmoja kuhusu kazi moja ambayo hakuteuliwa kuisoma: kwa nini isomwe, nani ajihadhari nayo, na mwenzi wake ni nani. Ukurasa huo ubandikwe maktabani, karibu na rafu na si ofisini. Anayekuja nyuma ataukubali au ataukataa. Akiukataa, itampasa aseme kwa nini, na hapo atakuwa ameanza kuandika wa kwake.