Saini Iliyotolewa kwa Hofu

Hotuba kwa wakazi wa Kinindo, Bujumbura



Mara kwa mara huletwa katika vituo vya polisi karatasi yenye saini mbili, tarehe na majina ya mashahidi, na aliyeileta husema: "Afande, huyu alikubali mwenyewe, mkamateni." Leo tunataka kueleza kwa nini saini peke yake haitoshi.

Mikataba nchini Burundi inaongozwa na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo ni Kitabu cha Tatu cha Sheria ya Madai. Ni sheria kongwe, lakini katika jambo hili ina hekima. Haihesabu kuwa ni ridhaa ile iliyopatikana kwa kukosea, kwa hadaa au kwa kulazimishwa. Na kulazimishwa si fimbo tu. Tishio linalomfanya mtu mwenye akili timamu aogope madhara makubwa juu ya nafsi yake au mali yake linatosha, hata likitolewa na mtu asiyekuwemo katika mkataba, na hata likimlenga mke, mume, mtoto au mzazi wake.

Lakini mkataba wa namna hiyo haufi wenyewe. Huhesabiwa kuwa hai mpaka aliyeonewa aende mahakamani na hakimu aubatilishe. Tena, hofu ikishaondoka, akiuridhia mkataba ule kwa maneno au kwa vitendo, mlango wa kulalamika hufungwa. Ndiyo maana tunawasihi msikae kimya miaka na miaka.

Mfano mnaoujua ni ule mkopo ambao watu huuita "Banque Lambert". Hiyo si benki, wala haina kibali cha Benki ya Jamhuri ya Burundi. Ni mtu mwenye fedha anayesubiri shida ya mwenzake. Tuseme mwalimu ana mgonjwa hospitalini, naye anahitaji faranga laki tano usiku huo huo. Mkopeshaji anampa, kisha anachukua kadi yake ya benki na namba ya siri, anamtaka atie saini hundi isiyo na tarehe, na juu ya hayo karatasi isemayo kwamba ameuza kiwanja chake. Neno "mkopo" halimo popote. Riba ikishazidi mtaji, kiwanja kinadaiwa.

Ujanja mkubwa umo katika ile hundi. Kutoa hundi isiyo na fedha ni kosa la jinai, na mkopeshaji alijua tangu mwanzo kwamba akaunti ni tupu. Aliitaka hundi apate kutisha kwa kasho. Basi askari anayeletewa hundi kama hiyo hana budi kuuliza ilitolewa lini, na kwa sababu gani. Riba ya kunyonya nayo huadhibiwa na Sheria ya Jinai. Mlalamikaji anaweza kugeuka mtuhumiwa, na baadhi yao hushangaa sana.

Tuseme wazi pia juu yetu wenyewe. Polisi haikusanyi madeni. Burundi ilijiunga mwaka 1990 na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao ibara yake ya 11 inakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Karatasi ya "nitalipa" iliyoandikwa kituoni, huku mtu ametishiwa kulala ndani, ni mfano wa ridhaa ambayo hakimu anaweza kuikataa.

Wenzetu wanaovuka Kobero kwenda Ngara wajue kwamba Tanzania ina Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kifungu chake cha 16 kinamtazama yule mwenye nguvu juu ya mwenzake akazitumia kujipatia faida isiyo ya haki. Mapatano yakionekana dhahiri kuwa ya kinyonyaji, ni juu yake huyo mwenye nguvu kuthibitisha kwamba hakumshurutisha mwenzake. Kifungu cha 19 kinampa aliyeonewa hiari ya kuukataa mkataba.

Si kila majuto ni kuonewa. Aliyeuza ng'ombe kwa bei ndogo, kisha akakuta bei imepanda sokoni, hakulazimishwa. Kuambiwa "nitakushtaki mahakamani" kwa deni la kweli hakuvunji mkataba. Na ile hofu ya heshima tu, mtoto kuona haya kumkatalia baba yake, sheria yetu haiihesabu kuwa ni kulazimishwa. Wala anayeshinda kesi hajipatii fedha za bure: mkataba ukibatilishwa, kila mmoja hurudisha alichopokea, na ule mtaji wa laki tano utarudishwa.

Anayekuja kwetu na alete nakala ya karatasi, ujumbe wa simu asioufuta, risiti za fedha alizolipa, na majina ya waliokuwepo. Sisi tutapokea malalamiko ya vitisho, hadaa au riba ya kunyonya. Ombi la kubatilisha mkataba wenyewe hupelekwa mahakamani, na mtu anaweza kuyafanya yote mawili. Na ikiwa askari yeyote atakuagiza ulipe deni la mtu mbele yake, muulize jina lake, uandike siku na saa, kisha uombe kuonana na mkuu wa kituo.