Tiba kwa Maskini: Hisani au Haki?



Wazee mlio hapa mnakumbuka. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, serikali ilijenga zahanati vijijini na mgonjwa alitibiwa bila kulipa. Mwaka 1977 sheria ikapiga marufuku tiba ya biashara. Hospitali za mashirika ya dini ziliachwa ziendelee. Kisha uchumi ukayumba. Zahanati zikabaki na kuta na mganga, dawa hamna, na bure ya namna hiyo haimponyi mtu. Kuanzia mwaka 1993 wananchi wakatakiwa kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano walisamehewa. Maskini nao wakaahidiwa msamaha.

Hapo ndipo penye uzito. Mjamzito huonekana kwa macho, na mtoto ana kadi ya kliniki. Maskini atathibitishwaje? Sharti aombe barua kwa serikali ya kijiji, kisha amwone afisa ustawi wa jamii. Kwa mkazi wa delta, anayengoja maji yajae ndipo chombo kiondoke, barua hiyo ni safari juu ya safari, na nauli ya boti haina msamaha. Nimewahi kumpa Mpako wa Wagonjwa mtu ambaye barua yake ilikuwa bado haijapigwa muhuri.

Wala tusiseme nchi maskini haiwezi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 halmashauri ya Rufiji, Kibiti ikiwa bado ndani yake, ilianza kugawa fedha za afya kwa kutazama takwimu za vifo vya wananchi wake. Malaria na maradhi mengine ya watoto yakapewa fungu linalolingana na madhara yake. Katika miaka mitano vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Papa Yohane XXIII, katika waraka Pacem in Terris wa mwaka 1963, aliitaja tiba miongoni mwa haki za binadamu. Na yule Msamaria alimlipia majeruhi dinari mbili; hakumtuma kwanza akalete barua.

Sasa ipo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, yenye mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo. Naomba kila jumuiya ndogondogo iwajue wajane, wazee na wagonjwa wa jirani, Waislamu kwa Wakristo, na katika mkutano mkuu wa kijiji mwombe majina yao yasomwe hadharani, pamoja na ya wale wa visiwani ambao maji yaliwazuia kufika.